Simu ikigoma faili, soma kwanza inachokwambia

Wiki hii kuna kijana yuko Geita kanitumia picha ya simu ya mama yake, Samsung A12, kioo chote kimekuwa bluu na maandishi ya "An error has occurred while updating the device software". Simu ilianza kwa kugandia kwenye logo, akaipeleka kwa fundi pale mjini, fundi kaiflashi weee, yaani kuiandikia upya faili la mfumo wake kwa kompyuta, ikagoma, mwisho akamwambia ubao umekufa, kama anataka anaweza kuinunua yeye kwa bei ya spea. Kijana ananiuliza, kaka nimwambie mama aanze kutafuta hela ya simu nyingine au kuna namna? Nikamjibu kuna namna, tena hiyo simu haijafa hata kidogo. Juzi usiku ikawaka, na picha za mama zote zimo. Sikulala kwa furaha, nawaambia ukweli.

Naandika hii kwa sababu najua nyie mnaonifuatilia wengi mnataka kitu kilekile nilichokuwa nataka mimi, kuwa na meza yako, kompyuta yako, wateja wanaokuja kwa jina lako na sio kwa jina la bosi. Na kinachowakwamisha wengi sio mtaji. Ni hapa kwenye faili.

Mimi nimejifunzia Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa bosi ambaye sitamtaja. Kazi yangu ilikuwa kufungua simu, kusafisha, kwenda kununua vioo na kuleta chai. Simu ya kuflashi ikifika alikuwa anageuza kompyuta upande wake nisione. Kulikuwa na kabati la kioo la kuwekea kava nyuma yake, basi nilikuwa nasimama kwa pembeni nasoma kwenye kile kioo, maandishi yamegeuka kinyume, najifunza Odin, ile programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, kinyumenyume hivyo hivyo. Nikiuliza swali naambiwa we subiri muda wako. Muda wangu haukufika pale mpaka naondoka. Bado inaniuma, kwa sababu kitu alichokuwa ananificha ningeelekezwa mchana mmoja kingetosha. Kwahiyo mimi nimeamua sifichi, na ukiwa na kijana kwenye meza yako usimgeuzie kompyuta.

Haya turudi kwenye A12, maana ina kila kitu.

Kwanza kile kioo cha bluu. Watu wengi wanakiona wanadhani ndio mwisho wa simu. Kile ni kioo cha simu iliyokatishwa katikati ya kuandikiwa faili, na ikiwa hapo hapo ukichomeka waya, Odin inaiona kama kawaida na unaweza kuiandikia faili upya. Simu iliyokufa kweli haiandiki chochote kwenye kioo. Hii inaongea na wewe, tena juu kushoto kuna maandishi madogo sana ambayo mafundi wengi hawayasomi, nikamwambia kijana niletee picha ya hayo maandishi, sogeza kamera. Akaleta. Mstari mmoja unasema SW REV. CHECK FAIL, DEVICE: 3, BINARY: 2.

Hapo nilishajua nusu ya kesi. Kwenye simu za Samsung kuna namba ya butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza simu ikiwashwa, namba hiyo mafundi tunaita biti au bainari, na hiyo namba inapanda tu, haishuki. Simu ikishapokea apdeti yenye namba 3, ndani ya chip inabaki kumbukumbu ambayo haifutiki, na faili lenye namba 2 halitaingia hata ulie. Wameweka hivyo makusudi ili mtu asirudishe simu kwenye faili la zamani lenye matundu ya usalama. Kwahiyo DEVICE: 3 ni simu inakwambia mimi niko tatu, BINARY: 2 ni faili ulilonipa liko mbili. Ni sentensi nzima imeandikwa pale, fundi kaiona kaita ubao mbovu!

Namba hiyo unaijua hata kabla hujatumia bando. Angalia namba ya toleo iliyo ndani ya jina la faili, ile inayoanza na modeli kama A125F, hesabu herufi zake kutoka mwisho kurudi nyuma, ya tano ndio biti. Toleo likiishia na kitu kama U3 halafu herufi nne, ni tatu. Ikizidi tisa wanaanza kutumia A, B na kuendelea. Na kwenye simu yenyewe ukiingia download mode, ile hali ya simu kusubiri faili kutoka kwenye kompyuta, utaona mstari wenye SWREV, pembeni ya herufi B kuna namba, ndio hiyo. Simu inayowaka bado, piga *#1234# itakuletea matoleo ya AP (mfumo wenyewe), CP (sehemu ya mtandao) na CSC (mipangilio ya nchi na kampuni ya simu), andika kwenye daftari kabla hujagusa kitu.

Nusu nyingine ya kesi ilikuwa inachekesha watu lakini mimi inanikasirisha. Kijana alikuwa amepiga picha kompyuta ya yule fundi, nikakuza picha naona faili la kwanza alilojaribu ni la A127F. Simu ya mama ni A125F. Nje zote zimeandikwa Galaxy A12, mteja atakwambia A12, boksi linasema A12, ila A125F ina chip ya MediaTek, Helio P35, na A127F ina Exynos 850. Hizo ni simu mbili tofauti kabisa zilizopewa jina moja la biashara. Kwahiyo jina la dukani usilitafutie faili, tafuta kwa modeli iliyoandikwa kwenye download mode, au nyuma ya simu. Hili nalirudia kila siku na nitaendelea kulirudia, modeli kamili mpaka herufi ya mwisho, modeli kamili mpaka herufi ya mwisho.

Basi kijana akatafuta faili la A125F lenye biti 3, akaweka bando la usiku likashuka mpaka alfajiri. Hapa kuna watu wanapotea. Faili la GB kadhaa likikatika kidogo katikati linaweza kuonekana limekamilika, ukilifungua zip inalalamika au Odin inakataa kwenye ukaguzi wa md5, ule wa kuhakikisha faili halijaharibika. Ukiona hivyo usianze kubadilisha draiva, ile programu inayofanya kompyuta iitambue simu, shusha upya. Na Odin ukiiwekea AP inaweza kuganda kabisa imeandika Not Responding, we iache, inakagua faili kubwa, kwenye kompyuta yenye RAM ndogo inachukua muda. Watu wanaifunga hapo wanasema programu mbovu.

Tumia Odin ya karibuni, 3.14 kwenda juu, maana faili za sasa ndani zimebanwa kwa lz4 na Odin za zamani haziwezi kuzisoma. Mafundi wengi wana ile Odin waliyopewa na mtu kwenye flashi miaka hiyo na wanaing'ang'ania.

Sehemu ya kujaza ni rahisi, BL (butiloda) kwenye BL, AP kwenye AP, CP kwenye CP, utata ni ule wa nne. Utakuta CSC na HOME_CSC, zote zinaingia sehemu moja. CSC inafuta simu yote, HOME_CSC inaacha vitu vya mteja. Hapa ndipo nilipomsimamisha kijana, nikamuuliza mama ana picha za muhimu? Akasema kuna za marehemu baba. Basi anza na HOME_CSC, ikiwaka alhamdulillahi, ikigoma ndio uongee na mama kuhusu kufuta, na uongee naye KABLA. Wale wanaoweka CSC bila kuuliza halafu wanamwambia mteja picha zimeenda na tatizo, huo ni uongo na Mungu anakuona.

Na ukiamua kufuta, uliza kwanza akaunti ya Google na nenosiri. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi unaitwa FRP, simu ikifutwa bila mwenyewe kutoa akaunti, ikiwaka inadai akaunti ileile ya mwanzo. Mafundi wanarudisha faili vizuri kabisa halafu wanakwama hapo, mteja anaona umemuharibia zaidi.

Akabonyeza Start, Odin ikasimama kwenye SetupConnection haisogei. Ananiandikia kwa hofu. Nikamwambia chomoa, badilisha waya, hamia kwenye tundu jingine la USB hasa lile la 2.0 la nyuma kama ni kompyuta ya mezani, ingia download mode upya, anza tena. Waya wa kuchajia tu na waya wa data vinafanana kwa macho, na kuna waya wa data uliochoka ambao picha unahamisha vizuri ila faili kubwa unakatika. Alikuwa na waya mwingine wa simu ya kaka yake, ikapita mpaka PASS ya kijani. Simu ikakaa kwenye logo muda mrefu mpaka akaanza kunipigia, nikamwambia usiguse, kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya faili jipya dakika kumi ni kawaida. Ikawaka. Mama akaona picha. Yule fundi aliyetaka kuinunua kwa bei ya spea sijui atajisikiaje.

Sasa wenye Tecno, Infinix na itel msiseme nimewasahau, maana ndio simu zinazojaa mezani kwetu. Nyingi ni MediaTek, unatumia programu ya SP Flash Tool na faili la scatter, lile linaloonyesha kila sehemu inaandikwa wapi kwenye memori. Kinachosumbua kwanza ni draiva ya VCOM, ile ya simu za MediaTek, na simu inajitokeza kwenye kompyuta sekunde chache tu inapotea. Kwahiyo bonyeza Download kwanza, ndio uchomeke simu ikiwa imezimwa, kuna ambazo lazima ushikilie vitufe vya sauti. Ukipata ENABLE_DRAM_FAIL, ile ya 4032, mara nyingi faili lina mipangilio ya memori ambayo sio ya simu hiyo, modeli jina moja ila toleo jingine. Angalia chaji pia, halafu tafuta faili linalolingana na namba ya toleo la ndani. Kama huna uhakika na faili ondoa tiki kwenye preloader, programu ya kwanza kabisa inayoiamsha simu, maana preloader isiyo yake ndio inaua simu kweli, haitawasha hata taa, utaanza kufungua na kutafuta pointi za kushoti kwenye ubao ili kompyuta iione.

Na kuna itel nyingi zina chip ya Unisoc, hizo faili lake ni la .pac na programu yake ni nyingine, usilazimishe SP Flash Tool.

Alafu ile chaguo ya Format All + Download. Ndugu zangu. Ukiibonyeza inafuta na NVRAM, humo ndimo zinakaa IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, na mipangilio ya mtandao, simu inawaka vizuri inapendeza ila laini haisomi, inaandika Invalid IMEI. Tumia Download Only. Ikibidi kabisa kufuta, soma na uhifadhi NVRAM kwanza kwa Readback. Na ikishapotea, kinachorudishwa ni IMEI yake ileile ya kwenye boksi, sio ya kuokota mtandaoni, sio ya simu nyingine iliyokufa. Kwa Tanzania kubadilisha IMEI ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA, ya 2010, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishazima simu feki Juni 16, 2016 kwa kutumia namba hizohizo, watu walilia mitaani. Mteja akikuletea simu na anataka IMEI nyingine, mwambie hapana, mwache aende. Hela ya siku moja isikupeleke mahakamani. Piga *#06# uione IMEI kabla na baada ya kazi, linganisha mbele ya mteja. Fundi anayefanya hivi hahitaji bango, wateja wenyewe watamtangaza, mimi hapa Mbagala ndivyo nilivyojulikana.

Mwisho kuna simu ambazo faili sio tatizo na hazitapona kwa faili. Inayojizima na kuwaka mfululizo, kagua kitufe cha kuwashia kabla ya chochote, kikikwama ndani simu inajirestati milele na utaflashi mpaka uchoke. Kagua na betri, ikivimba au ikishuka ghafla simu haifiki mwisho wa kuwaka. Na kama umeshahakikisha modeli, biti, waya na kompyuta nyingine, na kila ukiandika inafeli palepale, au ukiingia recovery, ile menyu ya matengenezo ya simu, kufuta inasema haiwezi kumaunti data, yaani kufungua sehemu ya vitu vya mteja, hiyo ni eMMC, memori yenyewe imechoka. Hapo acha Odin, chukua hela ya ukaguzi tu, mwambie mteja ni memori na picha zinaweza zisipatikane, na kama huna mashine ya kubadilishia memori mpeleke kwa mwenye nayo.