Maoni tuliyopeleka bungeni yako wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. 2024 kikundi chetu cha wauza mikate kilipeleka maoni bungeni kuhusu Mswada wa Fedha, tulipinga ile kodi ya VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Nimetafuta kwa Hansadi, ile rekodi rasmi ya mijadala ya bunge, mpaka macho yanauma, sioni hata jina letu. Walitupa maoni yetu ama? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana ndugu yetu, lakini usikate tamaa bado. Hansadi unayosoma ni ya kikao cha bunge zima, wabunge wakijadiliana wao kwa wao, na nyinyi mliandikia Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, sasa maneno ya wananchi mbele ya kamati hutafutwa kwa ripoti ya kamati yenyewe. Ingia tovuti ya bunge, upande wa Bunge la Kitaifa, utafute ripoti yao ya Mswada wa Fedha 2024, iliwekwa mezani Juni mwaka huo.

Ukiifungua usiishie kurasa za mwanzo. Shuka mpaka kwa maoni ya umma uone nani alisema nini kuhusu kifungu kipi na kamati ikajibu nini, halafu uende mwisho kabisa kwa viambatisho, huko ndiko huwekwa kumbukumbu za vikao na barua za washikadau. Hapo ndipo wengi huchoka, kwa sababu kurasa zikiwa zimepigwa skani ni kama picha tu, unatafuta neno kompyuta inasema hakuna na kumbe liko, inabidi upitie kwa macho. Na ripoti iko kwa Kiingereza, kwa hivyo tafuta “bread”, si mkate.

Hiyo VAT ya mkate kamati ilipendekeza iondolewe, maana yake kuna watu walisikizwa, na ni haki yenu kujua kama mlikuwa kati yao. Mkijikosa msinyamaze! Katiba kifungu cha 35 kinawapa haki ya habari, na cha 118 kinataka Bunge lifanye kazi peupe na lishirikishe umma. Mwandikieni Karani wa Bunge la Kitaifa, mtaje Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tarehe mliyotuma na jina la kikundi, muombe nakala ya maoni yenu na kumbukumbu za kikao yalipojadiliwa. Kuomba ni bure, mnaweza kulipishwa gharama ya nakala tu, na jibu linafaa kutoka ndani ya siku 21. Wakikataa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile watu huita Ombudsman.