Maswali ya wasomaji: picha za mafunzo kwenye kuta za shule

Ndugu wahariri, sisi ni vijana wa kujitolea, Goma. Tulipaka rangi ya mafuta ukuta wa shule moja upande wa Sake, wiki mbili baada ya kupigwa plasta. Sasa inanata na kubanduka. Tuliuziwa rangi mbovu?

Rangi haina kosa, mliwahi mno. Plasta mbichi ya simenti ina chokaa kali. Ikipata unyevu, hugeuza mafuta ya rangi kuwa aina ya sabuni, na ndiyo hiyo inayonata. Kwangueni yote, mwache ukuta ukauke. Plasta mpya ingojwe siku 28 angalau, na masika zaidi. Kupima ni rahisi: bandikeni jioni kipande cha plastiki cha sm 50 kwa 50, mzibe kingo zote kwa utepe. Asubuhi kikiwa na jasho kwa ndani, bado. Unga mweupe ukitokea ni chumvi ya simenti. Uondoeni kwa brashi kavu, kwa sababu maji huuyeyusha na kuurudisha ndani.

Safari hii tumieni rangi ya maji ya nje, isiyo na madini ya risasi. Mkono wa kwanza uwe mwepesi: maji sehemu 1, rangi sehemu 5. Kwa ukuta wa mita 4 kwa 2.5, hesabuni lita 3 za rangi ya msingi kwa mikono miwili, maana plasta yetu ya kukwaruza inakunywa sana. Sm 40 za chini msichore kitu, zipakeni kahawia tu. Matone ya mvua na viatu vya watoto vitaharibu chochote mtakachoweka pale.

Tutakuzaje ramani ya Kongo bila mashine?

Kwa miraba: sm 2 kwenye karatasi, sm 20 ukutani. Pakeni kamba unga wa chaki, wawili waivute, wa tatu aifyatue. Kisha nakilini mraba kwa mraba. Angalieni mnanakili wapi: vitabu vya kabla ya 2015 vina majimbo 11, leo ni 26 pamoja na Kinshasa. Mtoto wa dawati la nyuma, mita 8 hivi, anahitaji herufi za sm 7 au 8.

Mazuku, ile hewa ya sumu itokayo ardhini, tuichore vipi?

Msichore wingu la kijani wala moshi. Mtoto atasubiri kuuona, na hautakuja: kaboni dioksidi haina rangi, wala harufu ya kumshtua. Ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Chora shimo lenyewe na mawe yake meusi ya volkano, ndege aliyekufa chini, kisha mstari wa vitone kuonyesha kimo cha hewa mbaya. Kichwa cha mtu mzima kiko juu ya mstari. Cha mtoto na cha mbuzi viko chini yake. Pembeni, mtu ameanguka, na mwenzake yuko ukingoni anaita watu, hashuki. Hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, kwani anayeshuka kuokoa huanguka naye.

Kabla ya kufungua kopo, waonyesheni mchoro wa penseli wanafunzi wa darasa la pili, muwaulize wanaona nini. Wakisema mbuzi amelala, choreni upya.