Hicho kibao cha Kariandusi ni cha nini?

SWALI: Nikienda Nakuru na matatu, tukishapita Gilgil naona kibao kimeandikwa Kariandusi na hakuna anayeshuka hapo, kuna nini huko ndani?

JIBU: Siku moja mwambie makanga akushushe bana! Hapo Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipata shoka za mawe mwaka wa 1928, za watu wa kale sana, zaidi ya miaka nusu milioni, zingine za obsidiani, lile jiwe jeusi linang'aa kama chupa iliyovunjika na makali yake bado yanakata. Jirani kuna machimbo ya diatomaiti, mwamba laini wa mabaki ya vijimea vidogo vya majini, nyeupe pe kama unga wa sima. Ukirudi barabarani kuelekea Nakuru, kushoto ni Ziwa Elmenteita, UNESCO waliliweka kwa urithi wa dunia 2011. Beba maji, jua la huko halina huruma.