Kadi ya biashara kwa muuza kazi za mikono: maswali yenu

Maswali ya mwezi huu mengi yametoka kwa wasukaji, watengeneza sabuni na watunga shanga, na karibu wote wanauliza kuhusu kadi za biashara. Majibu yangu yote yanaanzia sehemu moja: kadi husomwa wakati wewe haupo. Ukiwa mezani pako mteja anakuona, anashika kikapu, anauliza bei. Kadi ataikuta miezi mitatu baadaye ndani ya mkoba, imechanganyika na risiti, na hapo itabidi imkumbushe wewe ni nani.

Nasuka vikapu vya milulu hapa Iringa. Kijana wa steshenari amenijazia kadi maneno mpaka sijui nipunguze lipi.

Mama, tandaza kanga yako uitazame. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka, mji umebeba mapambo, na jina ni mstari mmoja tu wa maneno, nao unasomeka mtu akipita. Aliyeichora angeweza kujaza maneno mji mzima, lakini hakufanya hivyo. Kadi nayo ipangwe hivyo.

Weka jina la duka, unachotengeneza, namba moja ya simu na mahali ulipo. La pili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Nimeshika kadi nyingi zenye jina zuri la duka na simu tatu, lakini hakuna popote palipoandikwa kuwa wanauza vikapu. Andika wazi: "Vikapu vya milulu, vinasukwa Iringa." Usiliache hilo neno milulu, maana ndilo linalotenganisha kikapu chako na cha ukindu kinachotoka pwani. "Mkurugenzi Mtendaji" ondoa, weka "Msukaji". Mnunuzi wa kazi ya mkono anataka kujua mkono ni wa nani.

Mahali, eleza kama unavyomwelekeza mgeni kwa simu: mkabala na nini, nyuma ya nini. Na namba iwe ile yenye WhatsApp, ianze na +255 badala ya sifuri, halafu uitenganishe tarakimu tatu tatu. Mtu wa Nairobi au wa Muscat ataipiga bila kujiuliza.

Kwenye simu rangi ya machungwa ilikuwa inawaka. Kadi zimetoka zimefubaa. Nimedhulumiwa?

Sidhani, kaka. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na wino juu ya karatasi hauwezi kuwaka kama taa. Machungwa iliyokolea na kijani kibichi ndizo zinazopoteza zaidi. Omba uchapiwe karatasi moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile itakayotumika, kisha toka nayo nje uitazame juani kabla hujasema "endelea".

Uliniambia pia kwamba nembo ulimtumia mchapaji kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili, yaani sehemu ya nyaraka, na iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa.

Maneno ya pembeni yamekatwa nusu.

Kisu hakikati palepale kila mara. Kadi ya milimita 85 kwa 55, inayokaribiana na kadi ya benki, rangi iliyo nyuma ya maandishi ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani ya ukingo angalau milimita 4. Herufi zisishuke chini ya pointi 8. Wateja wetu wengi ni watu wazima, wasitafute miwani kwa ajili yetu.

Niweke msimbo wa QR?

Weka, lakini uwe mweusi juu ya nyeupe, usipungue sentimita 2 kila upande, na uachiwe nafasi tupu kuuzunguka. Uelekeze moja kwa moja kwenye WhatsApp yako: kiungo ni wa.me/ kikifuatwa na namba kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Kuna tovuti zinazokutengenezea msimbo bure kwanza, halafu muda ukiisha zinadai malipo ndipo msimbo uendelee kufanya kazi. Hebu fikiria umeshagawa kadi mia mbili. Chagua msimbo uliobeba kiungo chako moja kwa moja, usiopitia tovuti yao, na uujaribu kwa simu mbili tofauti, hasa ya bei nafuu.

Namba ya simu iandikwe hata hivyo. Si kila mtu ana bando.

Natengeneza sabuni ya mwani, Zanzibar. Kiswahili au Kiingereza?

Dada, upande mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Usivichanganye upande mmoja. Na Kiswahili kisiwe tafsiri ya kile cha pili. "Sabuni ya mwani, inapikwa kwa mkono" inatosha, ina ladha, na mgeni asiyeielewa atapenda kuiona.

Wananiambia kadi 500 ni nafuu kuliko 100. Mtaji wangu mdogo.

Bei ya kadi moja hushuka kwa kuwa gharama ya kuandaa mashine inagawanywa kwa nyingi. Ila kadi zisizotumika si nafuu. Niliwahi kupokea 500 zangu huku tarakimu mbili za simu zimepishana. Kosa lilikuwa kwenye faili niliyoipitisha mwenyewe, na nilizisahihisha kwa kalamu hadi nikaona aibu kuzitoa. Chapa 100 kwanza, na kabla ya hapo piga namba iliyo kwenye nakala ya majaribio usikie kama simu yako italia.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa kazi za mikono. Chonga muhuri wa mpira wenye jina, kazi na simu, nunua karatasi ngumu ya kaki ya gramu 300 (ile ya fotokopi huwa gramu 80), ukate na upige muhuri mwenyewe kwa wino mweusi. A4 moja inatoa kadi 10. Ukibadilisha simu unachonga muhuri mpya, basi. Kadi hiyohiyo unaifunga kwenye bidhaa kwa uzi wa katani. Toboa tundu kwanza ndipo upige muhuri, lisije likaangukia juu ya namba.