Wanafunzi wanasema "mwalimu hafundishi": nirudi kuandika ubaoni?

Swali: Habari za kazi, Mwalimu. Nafundisha Fizikia kidato cha pili, darasa lina wanafunzi zaidi ya 70. Muhula huu nimepunguza kuwapa notisi za kunakili. Nawapa maswali wajadiliane wawili wawili. Sasa wanalalamika kwamba sifundishi, na wazazi wameanza kufika kwa mkuu wa shule. Silabasi nayo haingoji. Je, njia hii ina faida kweli, au nirudi ubaoni?

Jibu: Usirudi, Mwalimu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya kusikiliza tu, waliofeli walikuwa asilimia 34 hivi. Katika madarasa ambayo wanafunzi walishirikishwa, asilimia 22. Hao ni wa vyuo vikuu, kwa hiyo usiwaahidi wazazi namba hizo. Mwelekeo wake, hata hivyo, hauna utata.

Malalamiko unayoyasikia nayo yamewahi kupimwa. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliofundishwa mada ileile kwa njia mbili: kundi moja likasikiliza mhadhara mzuri, jingine likahangaika na maswali kwanza. Waliohangaika walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Maelezo yaliyonyooka humfanya msikilizaji ahisi ameelewa. Anayetafuta jibu mwenyewe hukwama na kuchoka, kisha akadhani uchovu ule ni dalili ya kutofundishwa.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi wanapoumia. Anasoma daftari mara nne, kila mstari anaufahamu, anaingia kwenye mtihani na kichwa kitupu. Kutambua kitu ukikiona na kukitoa kichwani bila kukiona ni kazi mbili tofauti, na mtihani unadai ya pili. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionesha hilo mwaka 2006: dakika tano baada ya kujifunza, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele.

Basi wape wanafunzi wako ushahidi wao wenyewe. Fundisha mada ndogo moja kwa maelezo na notisi, nyingine inayolingana nayo kwa maswali. Waulize kila mmoja anadhani atapata alama ngapi. Baada ya wiki wape jaribio fupi la mada zote mbili, kisha mtazame matokeo pamoja. Karatasi zao zitakuwa na uzito zaidi ya hotuba yako, hata mbele ya wazazi.

Wingi wa wanafunzi hauzuii. Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia hapo Harvard, alianza kutumia utaratibu huu kwenye madarasa makubwa miaka ya 1990. Chora balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa mfululizo na betri, uulize: ipi itawaka zaidi, ya kwanza, ya pili, au zitalingana? Kila mmoja aonyeshe jibu kwa vidole kifuani, kimya, asimwangalie jirani. Wengi watachagua ya kwanza, wakiamini inautumia mkondo wa umeme na kuiachia ya pili mabaki. Waambie wamshawishi jirani kwa dakika mbili, wapige kura tena, *ndipo* ueleze kwamba mkondo ni uleule kote kwenye mzunguko. Wakibishana kwa Kiswahili waache. Hoja ikishakaa sawa, waiandike kwa Kiingereza cha mtihani.

Maelezo yako bado yanahitajika sana. Kuwaachia wanafunzi wagundue peke yao kanuni ya Ohm ni kuwaonea, na huenda ndiyo maana wengine wanaona umewatupa. Kila mjadala uufunge wewe, kwa jibu sahihi na sababu yake.

Kuhusu silabasi, okoa muda kwenye kunakili. Andaa notisi fupi, mpe kiranja abandike ukutani au wapeane kunakili nje ya kipindi. Maswali mawili ya aina hii kwa kipindi yanatosha. Chagua pale ambapo kila mwaka wanakosea.