Matarumbeta yalivyorudi barabarani Moshi baada ya corona (jibu refu kwa mleta mada)

Mleta mada kauliza mawili. Bendi ya matarumbeta ya usharika wao huko Usa River imelala stoo tangu corona, sasa wanataka kuifufua na wazee bado wana hofu: wenzao walirudije? Halafu, je, ni kweli chanjo ndiyo iliyofungua mlango, kama wanavyosimulia Wamarekani kuhusu bendi zao za gwaride?

Mimi napiga besi, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini, kwenye bendi ya usharika mmoja nje kidogo ya mji wa Moshi, na vijana wanaoanza napewa mimi niwafundishe. Nitajibu kwa niliyoyaona. Mnivumilie urefu.

Naanza na la Wamarekani, maana ndilo linalochanganya watu. Kwao mlango ulifungwa kweli na ukafunguliwa kweli. Mashindano yao makubwa ya bendi za gwaride, Drum Corps International, yamekuwepo tangu 1972, na msimu wa 2020 ulifutwa wote. Desemba 2020 wakaanza kuchanja, Aprili 2021 kila mtu mzima akaruhusiwa, Agosti mwaka huo bendi zikakutana Indianapolis zikapiga bila alama na bila bingwa. Mashindano yenyewe yakarudi 2022. Waskoti nao maonyesho yao ya bendi za kijeshi pale Edinburgh waliyakosa 2020 na 2021, wakarudi Agosti 2022. Ukisoma hivyo unaona mstari ulionyooka: kufunga, kuchanja, kufungua.

Sisi mstari huo hatukuwa nao. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa hapa jirani Arusha, ameshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Shule zikafungwa, mbio za Mwenge zikasitishwa mwaka ule, Mei Mosi haikuwa na gwaride. Lakini makanisa na misikiti haikufungwa, na kufikia 29 Juni shule zote zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo kwenye karatasi bendi ya kanisa ilikuwa na ruhusa ya kupuliza muda wote. Hakuna aliyetufungia, ndiyo maana hakuna aliyekuja kututangazia kwamba sasa fungueni. Mkikaa mkisubiri tangazo mtasubiri sana.

Kilichozimisha bendi nyingi za huku kilikuwa kitu kingine: besi ziliondoka.

Anayejua matarumbeta ya kanisa ataelewa haraka. Nyimbo zetu ni za sauti nne, mtindo tuliorithi kwa Walutheri wa Kijerumani, na kila kijana anayeingia anataka sauti ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika na ndiyo inayopigwa picha. Lile dude kubwa la besi hulibeba mzee, mtu aliyepiga miaka na miaka, anayejua wimbo wa kipaimara na wa kuzika bila kufungua kitabu. Mwanzoni mwa 2021, wakati kila tangazo la msiba lilikuwa linasema "changamoto ya upumuaji", wazee hao ndio waliokuwa hatarini kuliko wote, na ndio waliokuwa wanaitwa kila wiki kwenda kupuliza makaburini wakiwa wamebanana. Watoto wao walioko Dar wakawa wanapiga simu: baba, weka hilo tarumbeta chini. Wengine waliliweka. Wengine wakazikwa bila besi, jambo ambalo kwenye usharika wetu halikuwahi kutokea. Vijana wakabaki na sauti ya kwanza na ya pili na ngoma, wakajaribu harusi chache, watu wakawa wanacheka chinichini. Bendi isiyo na besi inasikika kama redio ndogo iliyowekwa ndani ya pipa.

Sasa chanjo. Dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya Johnson & Johnson, zilitua Dar tarehe 24 Julai 2021, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, na Agosti zikaanza kutolewa mikoani. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye zaidi ya miaka 50 na wenye magonjwa ya kudumu. Yaani ukichukua orodha ile na orodha ya wapiga besi wa tarafa yetu, karibu ni karatasi moja! Na ilikuwa sindano moja tu, jambo ambalo watu wa mjini hawaoni uzito wake. Mzee anayekaa juu kwenye migomba, wa kushuka mjini mara moja utampata. Mara mbili ndani ya mwezi ni mazungumzo mengine.

Lakini msidhani walikimbilia. Mnayakumbuka maneno ya wakati ule: sijui sumaku inanata begani, sijui utakufa ndani ya miaka miwili, sijui vijana hawatazaa. Mwenyekiti wetu wa bendi, mzee mwenye kisukari, alikataa katakata mpaka binti yake ambaye ni nesi alipochanja mbele yake. Akachanja, bega likamuuma, akalala na homa usiku mmoja, kesho kutwa yake akaja mazoezini akiwa amebeba besi. Wenzake walimwangalia wiki mbili hivi bila kusema kitu. Halafu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, bila kuagana.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu chanjo: iliturudishia wazee. Hiyo ndiyo kazi iliyofanya kwenye bendi yetu, na ni kazi kubwa, ila msiiongezee nyingine. Haikuzuia mafua. Desemba 2021, kirusi cha Omicron kilipozunguka, bendi karibu nzima iliugua, waliochanja na wasiochanja. Tofauti niliyoiona ni kwamba hakuna mzee wetu aliyelazwa. Na tuseme yote: Mei 2022 Marekani waliiwekea mipaka hiyo hiyo Janssen kwa sababu ya tatizo la nadra la kuganda damu. Wakati huo huku zilishaingia za Sinopharm, Pfizer na Moderna, kwa hiyo aliyekuwa na wasiwasi alikuwa na pa kuchagua. Kuna mchangiaji hapo juu anataka asiyechanja asiguse tarumbeta. Kwetu hilo lililetwa kwenye kikao na likakataliwa. Serikali yenyewe ilisema chanjo ni hiari, na usharika hauwezi kuwa mkali kuliko serikali kisha Jumapili uombe sadaka kwa watu wale wale.

Kilichotufanya tupige tena bila kuogopana ni namna tulivyobadilisha mazoezi. Hapa Wamarekani walitusaidia kweli. Vyuo vikuu vya Colorado Boulder na Maryland vilipima pumzi inayotoka kwenye vyombo vya kupuliza, na ushauri wao ulisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa bendi: piga nje kama inawezekana, ukiwa ndani usizidishe nusu saa kabla hewa haijabadilika, kaeni mbalimbali kama mita mbili na mpiga tromboni apewe zaidi mbele yake, funika mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa cha tabaka kadhaa, na maji ya tarumbeta yasimwagwe sakafuni.

Nje tulishakuwa na uwanja. Chumba cha sakristia tulichozoea, chenye dirisha moja, tukakiacha kabisa, tukahamia chini ya miparachichi nyuma ya kanisa. Mvua ikija, mazoezi yameisha. Vifuniko alitushonea fundi cherehani wa mtaani, kitambaa cha ndani kizito na mpira pembeni kama wa shuka la godoro. Vinapunguza sauti kidogo na besi inazama chini ya noti, ila kwa mazoezi vinatosha. Barabarani hatujawahi kuvivaa, siwezi kuwadanganya.

Kubwa kuliko yote ni mausipisi, kile kidomo cha chuma cha kupulizia. Kabla ya corona kijana akija kujifunza tulikuwa tunampa tarumbeta ya mwenzake akishamaliza, anafuta kidomo kwa shati, anapuliza. Mkirudia hivyo msihangaike na mengine. Kila mtu awe na mausipisi yake, aende nayo nyumbani, aioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu na brashi ndogo. Ni kipande cha chuma tu, hata kilichotumika kinapatikana kwa bei inayobebeka kuliko tarumbeta zima. Sisi tulichangishana, aliyeshindwa usharika ukamnunulia. Yale maji nayo, ambayo wote tunayaita mate, sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya chuma, ndiyo maana Julai kwenye baridi yanazidi. Tuliweka kopo lenye mchanga katikati, unamwaga humo. Watoto walilipenda kopo lile kuliko nyimbo.

Halafu kuna jambo halisemwi: mdomo unasahau. Vidole vinakumbuka vali (vile vitufe vya kubonyeza) hata baada ya miaka, lakini misuli ya midomo ikikaa mwaka bila kubanwa inalegea, na mtu mzima anayejiona fundi atapuliza dakika kumi atoe upepo mtupu. Msiwaaibishe. Wiki za kwanza tulipiga noti ndefu tu, chini, polepole, tumekaa. Baadaye tukasimama, baadaye tukapiga mguu pale pale, mwisho ndipo tukatembea. Kupuliza huku unatembea kupanda mlima wa kwetu ni kazi ya mapafu, na waliokuwa wameugua corona vibaya walichukua muda mrefu zaidi. Hao tuliwapa ngoma kubwa kwanza, wakabaki kwenye mstari na heshima yao.

Tulirudi rasmi msimu wa harusi wa Desemba 2021, Wachaga wakiwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi. Tumejazana kwenye Canter mbele ya msafara, tukazungushwa Mnara wa Saa mpaka trafiki akachoka kutupungia tuondoke. Kwenye ukumbi hatukuingia. Tuliwapigia maharusi mlangoni, tukala, tukaondoka.

Kwa mleta mada sasa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 2023, kwa hiyo hofu ya wazee wenu leo si ya kubishana nayo kwenye kikao. Aende nao mtu wanayemwamini kliniki ya kisukari na presha wanakohudhuria, waulize kule kuhusu chanjo iliyopo kwa mtu wa umri wao. Wakati huo toeni besi stoo kabla ya tarumbeta nyingine yoyote. Vali zitakuwa zimenata. Tieni mafuta, laza usiku kucha, jaribu tena, na msigonge wala kuvuta kwa koleo, maana bomba likipinda fundi atawatoza zaidi ya thamani ya chombo. Harusi ya kwanza mtakayoitiwa, ulizeni kama mtapigia nje au ndani. Wakisema ndani, na wazee wenu wamo, kataeni hata kama pesa ni nzuri.