Usiingie kwenye mtihani na kanuni hiyo ya "was"

Umeandika kwamba ukiona "was" na umbo la tatu la kitenzi, basi ni kauli ya kutendwa moja kwa moja, na "by" isipokuwepo mtendaji amefichwa tu. Tafadhali, hiyo kanuni iache leo leo.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu aliiandika ubaoni, akatukaririsha, wala hakutuonyesha hata sentensi moja inayoikataa. Nikaja kupewa ripoti ya wizi niitafsiri, na ndani yake: "The lock was broken when the guard arrived." Nikaandika: "Kufuli lilivunjwa mlinzi alipofika." Hebu isome hiyo kama wakili. Mlinzi kafika, kufuli likavunjwa, ama mbele ya macho yake ama kwa mkono wake! Kiingereza kilikuwa kinasema alipofika alikuta kufuli limeshavunjika. Mtu asiye na hatia nikamtia kwenye wizi. Kazi ilirudishwa, mteja akahamia kwa mwingine, na mpaka leo hasira yangu kwa mwalimu yule haijapoa, maana jibu tulikuwa nalo mdomoni tangu utotoni. Nani kati yetu huchanganya "limevunjwa" na "limevunjika"? Hakuwahi kututajia.

Kwa hiyo shika hili: jiulize kama sentensi inasimulia tukio au inaeleza hali. Ukitaka kupima, toa "was" uweke "remained" au "seemed". "The door remained closed all night" imekaa sawa, basi "closed" hapo ni kivumishi. "The thief remained arrested at dawn by two officers" haikai kabisa; hicho ni kitenzi. Inayosumbua ni kama "The door was closed at six", kwa sababu inabeba yote mawili: mlango ulifungwa saa kumi na mbili, au saa kumi na mbili ulikuwa tayari umefungwa. Hapo usilikodolee macho neno lenyewe, rudi usome sentensi iliyotangulia. Ukikuta "was being closed" usihangaike, hilo ni tukio.

Na wanaokwambia utafute "by" wanakupoteza vilevile. "The letters were posted yesterday" haina "by" na bado ni kitenzi. "She was very surprised by the news" inayo, lakini "surprised" ni kivumishi, ndiyo maana imekubali "very". Jaribu kusema "very arrested" uone.

Kiambishi un- nacho husaidia: "The letter was unopened" ni hali, kwa kuwa kitenzi "unopen" hakitumiki. Ila chunga "unlocked", maana "unlock" ni kitenzi kamili. "The gate was unlocked" huenda kuna mtu kafungua kufuli, huenda halikufungwa tangu mwanzo. Hapo "remained" haitakuamulia, maana inakaa sawa; rudi usome sentensi iliyotangulia kabla hujaandika chochote.